Kulichunguza Kosa Lako Mwenyewe: Somo la Sataranji kwa Mwanafunzi wa Sayansi

Mtu aliyekwisha kutazama mchezo wa bao chini ya mwembe, iwe ni Ifakara, Mang'ula au Malinyi, bila shaka ameyasikia mabishano yanayofuata baada ya mchezo kumalizika. Aliyeshindwa husema, "Ningalianzia shimo lile la pili, ungalikwisha." Mshindi hukana. Watazamaji nao hugawanyika pande mbili. Lakini kete zimekwisha kuvurugwa, na hakuna aliyeandika zilivyokuwa. Mabishano hufa bila kuamuliwa, na siku ya pili kosa lile lile hurudiwa.

Mchezo wa sataranji, ambao jina lake limetujia kutoka Bara Hindi kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu, una desturi inayouepuka upungufu huo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji (FIDE), lililoundwa mjini Paris mwaka 1924, humtaka kila mchezaji katika mashindano ya kawaida aandike hatua zake na za mwenzake, moja baada ya nyingine, kadiri mchezo unavyoendelea. Kwa hiyo mchezaji aliyeshindwa haondoki na uchungu peke yake; huondoka pia na karatasi yenye kumbukumbu kamili ya jinsi alivyoshindwa.

Makala haya yanaeleza jinsi karatasi hiyo inavyoweza kutumiwa. Twaamini kuwa mwanafunzi anayejua kuuchunguza mchezo wake mwenyewe amekwisha kujifunza sehemu muhimu ya kazi ya mwanasayansi, hata kama bado hajaingia maabara.

Jinsi Mchezo Unavyoandikwa

Ubao wa sataranji una miraba 64. Safu zake nane za wima huitwa kwa herufi a hadi h, na mistari yake minane ya mlalo huhesabiwa 1 hadi 8, kuanzia upande wa mwenye kete nyeupe. Hivyo kila mraba una jina lake, kama vile nukta katika grafu inavyotambulikana kwa namba zake mbili. Kila mchezaji huanza na Mfalme, Malkia, Ngome mbili, Maaskofu wawili, Farasi wawili na askari wanane. Kusudi la mchezo ni kumnasa Mfalme wa adui, yaani kumtisha huku akiwa hana pa kukimbilia, hana wa kumkinga, na kete inayomtisha haiwezi kuliwa.

Tuseme sasa kwamba mwanafunzi wa sekondari mjini Ifakara ameshiriki mashindano ya shule, akacheza na kete nyeusi, akashindwa kwa hatua kumi tu. Karatasi yake yasomeka hivi, Mweupe akiwa wa kwanza na Mweusi akifuata:

1. Askari e2–e4, askari e7–e5.
2. Farasi g1–f3, Farasi b8–c6.
3. Askofu f1–c4, Farasi g8–f6.
4. Farasi f3–g5, askari d7–d5.
5. Askari wa e4 anamla askari wa d5. Farasi wa f6 anamla askari huyo hapo d5.
6. Farasi wa g5 anamla askari wa f7; Mfalme anamla Farasi huyo.
7. Malkia d1–f3, Mfalme anatishwa, Mfalme f7–g8.
8. Askofu wa c4 anamla Farasi wa d5, Mfalme anatishwa. Malkia wa d8 anamla Askofu huyo.
9. Malkia wa f3 anamla Malkia wa d5, Mfalme anatishwa, Askofu c8–e6.
10. Malkia anamla Askofu wa e6. Mfalme amenaswa, na mchezo umekwisha.

Twamwomba msomaji auchukue ubao na kuzicheza hatua hizi kwa mkono kabla ya kuendelea kusoma. Asiye na ubao aweza kuchora miraba kwenye karatasi na kutumia vifuniko vya chupa. Mwanzo wa mchezo huu si mgeni: mashambulizi ya Farasi juu ya mraba wa f7 yalikuwa yamekwisha kuandikwa na Mtaliano Giulio Cesare Polerio yapata miaka mia nne iliyopita, na tangu wakati huo yamewaangusha wanaoanza kujifunza wasiohesabika.

Kosa Lilipoonekana na Kosa Lilipozaliwa

Mwanafunzi wetu akiulizwa ameshindwa kwa nini, aghalabu atajibu: "Nilikosea hatua ya saba. Mfalme hakupaswa kurudi g8." Jibu hilo ni la kweli. Mfalme alipokwenda g8, Farasi wa d5 alibakiwa na mlinzi mmoja tu, naye ni Malkia, hali alikuwa akishambuliwa na kete mbili. Juu ya hayo, Mfalme alijifungia mwenyewe, kwa kuwa upande mmoja Askofu wake alisimama f8 na upande wa pili Ngome yake ilisimama h8. Tangu hapo hakuna hatua ambayo ingemwokoa. Kama angalisogea mbele hadi e6, japokuwa mahali hapo panatisha kwa Mfalme, angalimlinda Farasi wake na mchezo ungaliendelea.

Walakini uchunguzi haupasi kuishia hapo. Daktari hatosheki kusema kwamba mgonjwa ana homa; huuliza homa imetoka wapi. Vivyo hivyo mchezaji yampasa arudi nyuma hatua kwa hatua, na katika kila hatua ajiulize: je, hapa nilikuwa bado na njia njema?

Tukirudi hatua ya sita, twaona kwamba askari wake na Farasi wa adui wameliwa, na Mfalme ametolewa nje ya nyumba yake. Tukirudi hatua ya tano, twafika penye shina la jambo. Mweupe alikuwa amemla askari wa d5. Mweusi naye akamla mlaji kwa Farasi wake wa f6, bila kufikiri sana, kwa kuwa ni desturi ya wachezaji kulipa kile walichonyang'anywa. Hebu tutazame Farasi huyo aliacha nini nyuma yake. Alipokuwa f6, aliifunga safu ya f. Alipoondoka, safu hiyo ilibaki wazi kwa Malkia mweupe, ambaye baadaye alifika f3 akamtisha Mfalme na kumshambulia Farasi kwa wakati mmoja.

Vitabu vya sataranji huelekeza njia nyingine mahali hapa: Farasi wa c6 aende a5 na kumshambulia Askofu wa c4. Mweusi atakuwa amepoteza askari mmoja, lakini Askofu hatari atalazimika kuondoka au kubadilishana, na Farasi wa f6 ataendelea kuilinda nyumba ya Mfalme.

Hivyo basi kosa lilionekana katika hatua ya saba, lakini lilizaliwa katika hatua ya tano. Mwanafunzi akiandika daftarini, "Nisimrudishe Mfalme g8," atakuwa amejifunza jambo ambalo huenda lisimtokee tena kwa mwaka mzima. Akiandika, "Kete inapoondoka, nitazame kwanza imeacha nini wazi," atakuwa amejipatia kanuni itakayomfaa katika kila mchezo.

Andika Ulichofikiri Kabla ya Kuuliza

Karatasi ya mashindano huonyesha mkono ulifanya nini. Haionyeshi akili ilifikiri nini. Ipo basi kazi ya pili, na yafaa ifanywe siku ile ile. Mara baada ya mchezo, kabla ya kuzungumza na mshindani wako, kaa peke yako na uchague mahali patatu au panne palipokuwa pagumu. Andika kwa kila mahali: nilidhani adui anataka nini? Ni hatua zipi nilizozifikiria? Kwa nini niliichagua hii?

Haraka hiyo ina sababu. Kumbukumbu ya binadamu hujirekebisha yenyewe baada ya kujua matokeo. Mtu aliyeona mwisho wa jambo huamini kwamba aliutazamia tangu mwanzo. Baada ya siku mbili, mwanafunzi wetu atasema, "Niliona hatari ya f7, ila nilikuwa na haraka," kumbe siku ile hakuiona kabisa. Kutoona ni ugonjwa mmoja na haraka ni ugonjwa mwingine, na dawa zake ni mbalimbali.

Kwa sababu hiyo hiyo yapasa kutumia mashine kwa uangalifu. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia. Leo programu ya Stockfish, inayopatikana bila malipo na kutumika hata katika simu, huwashinda mabingwa wote. Ukiipa mchezo wako, kwa muda mfupi itakuonyesha makosa yote. Lakini haitakuambia kwa nini wewe uliyafanya, kwa kuwa haijui ulichofikiri. Mwanafunzi anayeanza kwa kuiuliza mashine ni sawa na yule anayefungua majibu mwisho wa kitabu cha hesabu kabla hajagusa swali. Kwanza uchunguze mwenyewe. Kisha pamoja na mwenzako. Mashine iwe ya mwisho, nayo iwe shahidi wa kukusahihisha, isiwe mwalimu wa kukufikiria.

Mikhail Botvinnik, mhandisi wa umeme wa Urusi ya Kisovieti aliyeushika ubingwa wa dunia kwa vipindi vitatu kati ya mwaka 1948 na 1963, alikwenda mbali zaidi. Aliwahimiza wachezaji wauchambue mchezo wao kwa maandishi na kuyachapisha, ili watu wengine wayakosoe. Hoja yake ilikuwa kwamba uchambuzi unaobaki chumbani mwa mwenyewe huandikwa kwa uvivu. Ule utakaosomwa na wengine huandikwa kwa hadhari.

Faida Yake kwa Akili

Je, kazi yote hii huongeza uwezo wa mchezaji kwa njia gani? Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Adriaan de Groot, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1946, aliwaonyesha mabingwa na wachezaji wa kawaida ubao wenye kete kwa sekunde chache, kisha akawataka wazipange upya kwa kukumbuka. Mabingwa waliwapita wengine kwa mbali sana. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon walirudia jaribio hilo na kuongeza jambo moja la busara: walipanga pia kete ovyo, bila kufuata mchezo wowote. Hapo mabingwa hawakukumbuka zaidi sana kuliko wanaoanza.

Maana yake ni kwamba bingwa hana kumbukumbu ya ajabu. Anachokuwa nacho ni hazina ya maumbo aliyokwisha kuyaona na kuyaelewa, naye huliona kundi la kete kama sisi tuonavyo neno zima badala ya herufi moja moja. Mchezo uliochunguzwa vizuri huongeza neno moja katika hazina hiyo. Mchezo uliosahauliwa hauongezi kitu.

Ushindi Nao Uchunguzwe

Mpaka hapa tumemzungumzia aliyeshindwa. Sasa tumgeukie mshindi, ambaye aghalabu huikunja karatasi yake na kwenda kushangilia. Katika hatua ya sita alitoa Farasi mzima na kupata askari mmoja. Alishinda kwa kuwa Mfalme alirudi g8. Je, alikuwa amefikiria kwamba Mfalme angaliweza kwenda e6? Je, alijua kwamba angalipaswa kumleta Farasi wake wa pili b1–c3, ili amshambulie Farasi wa d5 kwa mara ya tatu? Kama alijua, uamuzi wake ulikuwa wa kishujaa na wenye hesabu. Kama hakujua, alishinda kwa bahati, na bahati haiandikwi daftarini kama maarifa.

Matokeo mema si uthibitisho wa fikira njema. Hili ndilo somo gumu kuliko yote, kwa kuwa aliyeshindwa husukumwa na uchungu kutafuta sababu, hali mshindi hana kinachomsukuma isipokuwa tabia yake mwenyewe.

Mfano Kutoka Bonde la Kilombero

Tabia hiyo ilipata kudhihirika katika Bonde la Kilombero, na mchezo wenyewe haukuwa wa kete bali wa uhai wa watoto. Utafiti wa magonjwa ulianzishwa Ifakara mwaka 1957, wakati Waswisi chini ya Rudolf Geigy walipojenga maabara ndogo ambayo hatimaye ilikua na kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Bonde hilo lenye mafuriko na mashamba ya mpunga lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa sana na malaria.

Katika miaka ya 1990 chanjo iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia, ilileta matumaini makubwa duniani. Ilijaribiwa katika kijiji cha Idete, karibu na Ifakara, kwa watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Baadhi walipewa chanjo na baadhi walipewa sindano isiyo na chanjo hiyo. Mzazi hakujua mtoto wake alipewa ipi, wala mchunguzi hakujua, mpaka hesabu ilipokamilika. Huko ndiko kuandika kabla ya kujua matokeo, kama tulivyomwagiza mchezaji wetu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: chanjo ilionekana kupunguza malaria kwa asilimia 31. Huo ulikuwa ushindi. Lakini watafiti walichapisha pia mipaka ya shaka yao, yaani kwamba ukweli wenyewe ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 0 na 52. Jaribio la Gambia, lililochapishwa mwaka 1995, lilitoa asilimia 8. Jaribio la Thailand, la mwaka 1996, halikuona kinga yoyote.

Hapo Ifakara ingeweza kubaki na asilimia 31 zake na kudai kwamba wengine ndio waliokosea. Haikufanya hivyo. Chanjo ile ile ilijaribiwa tena katika bonde lile lile, na baadhi ya watafiti wakiwa wale wale, safari hii kwa watoto wachanga zaidi ya 1,200. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalikuwa asilimia 2, ambayo kwa hesabu za takwimu haitofautiani na sifuri. Walichapisha asilimia 2 kama walivyokuwa wamechapisha 31.

Mtu aweza kuuliza, basi walipata nini? Walipata kuwaepusha watoto wa Afrika na sindano isiyo na kinga, na kuiepusha serikali na gharama ya bure. Tena mchezo haukuwa wa mwisho. Chanjo nyingine, RTS,S, ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Miongoni mwavyo ni Korogwe na Bagamoyo, kituo cha pili kikiwa ni tawi la taasisi ile ile ya Ifakara. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumiwe kwa watoto wa sehemu zenye malaria.

Kazi kwa Walimu na Wanafunzi

Sataranji haihitaji vifaa vya thamani. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto wa maskini. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji mwaka 2010 nchini Urusi na mwaka 2012 mjini Istanbul. Shule yenye ubao mmoja, penseli na daftari yaweza kuanza.

Twapendekeza mpango huu. Kila mwanafunzi aandike michezo yake 20, aliyoshinda na aliyoshindwa. Kwa kila mchezo aonyeshe hatua ambayo kosa lilionekana na hatua ambayo lilizaliwa, kisha atie alama chini ya sababu mojawapo: sikuona, niliona lakini nilihesabu vibaya, nilihesabu vizuri lakini nilipima vibaya, niliharakisha, niliogopa. Baada ya michezo kumi ajumlishe na kuandika kanuni moja tu ya kurekebisha sababu iliyozidi nyingine. Katika michezo kumi inayosalia aone kama sababu hiyo imepungua. Isipopungua, kanuni hiyo haikufaa, naye aifute bila huruma na kubuni nyingine. Wasiocheza sataranji waweza kufanya hivyo hivyo kwa bao, wakiyapa mashimo namba na kuandika kila mtaji, ili mabishano ya chini ya mwembe yapate hakimu.

Mwalimu atakayekusanya madaftari hayo asiwape alama za juu walioshinda mara nyingi. Awape wale ambao maandishi yao yaweza kusomwa na mwingine, akaupanga ubao upya, akakuta kosa pale pale waliposema lipo.